Sheria Iko Nairobi, Mstaafu Yuko Kanamkemer

Mwaka 2022 Kenya ilipata sheria mahsusi ya wanajeshi wastaafu. Mtu aliyevua magwanda akarudi nyumbani akatambuliwa kuwa ana madai yake kwa taifa: asajiliwe, aangaliwe afya yake, asaidiwe kuanza maisha ya uraiani. Walioipigania sheria hiyo walifanya kazi njema. Lakini ilikuja wakati vyama vya kuifikisha kwa mwenyewe vilikuwa vimeshachakaa. Anayetaka kuuona uchakavu huo bila pazia aende Kanamkemer, wadi iliyo ubavuni mwa mji wa Lodwar, Turkana. Huko askari aliyemaliza mkataba wake huishi jirani na mchuuzi wa makaa na mwalimu wa shule ya msingi, na kwa ofisi nyingi za mji yeye ni mkazi tu kama hao wengine.

Tunapozungumzia hali ya wastaafu wa jeshi hukimbilia kutaja penseni ndogo. Ni ndogo kweli. Ila kuna kitu kilichoanguka kabla yake, na ndicho kinachofanya hata hicho kidogo kichelewe au kisifike kabisa, nacho ni chama. Nasema juu ya ule mkusanyiko wa askari wa zamani wenye katibu, daftari na mhuri, uliosimama kati ya mtu mmoja na serikali nzima. Chama kikifa, kila mstaafu hubaki kuidai serikali peke yake, na mtu mmoja hawezi kuidai serikali akiwa umbali wa karibu kilomita 700.

Tuitazame kazi yenyewe. Chukua koplo aliyerudi Kanamkemer, penseni yake ikasimama kwa sababu jina la kitambulisho halilingani na jina lililoandikwa siku alipoandikishwa jeshini. Jambo hili si geni kwa watu wa malezi ya kuhamahama, ambao jina la utotoni, jina la ubatizo na jina la baba hupangwa namna moja shuleni na namna nyingine kwa chifu. Huduma Centre ya Lodwar, yaani kituo cha huduma za serikali, inaweza kumpokea na kumsikiliza, lakini rekodi ya jeshi haibadilishwi Lodwar. Anahitaji barua ya chifu, hati ya kiapo, nakala ya cheti chake cha kuondoka jeshini, na zaidi ya yote mtu wa kumpigia karani wa Nairobi simu leo, na kesho, na wiki ijayo. Kwa aliyezoea ofisi hilo ni usumbufu tu. Kwa mzee wa Turkana linaweza kumaanisha mbuzi wawili watatu kuuzwa kwa ajili ya nauli, kisha arudi na jibu la "njoo tena".

Kazi hii katika nchi nyingine ina mwenyewe. Marekani, vyama kama American Legion na Veterans of Foreign Wars vina maofisa waliofunzwa na kuidhinishwa rasmi, ambao kazi yao ni kumjazia mstaafu fomu za madai na kuzifuatilia bila kumtoza senti. Hata kwenye makazi, ambako Marekani iliaibika kwa miaka mingi, mafanikio yalikuja fedha za kodi zilipofungamanishwa na mfanyakazi wa ustawi anayemfuatilia mpangaji mlangoni kwake. Wastaafu wa jeshi wasio na makao waliohesabiwa katika usiku mmoja wa mwaka 2010 walikuwa 74,087. Mwaka 2024 walikuwa 32,882. Bado ni wengi kwa nchi tajiri namna hiyo, lakini wamepungua zaidi ya nusu, na walipungua kwa sababu kulikuwa na watu wanaolipwa kuwajua kwa majina.

Kenya haikuanza bila mfano wa aina hiyo. Utetezi wa makazi ya askari wa zamani ulianza hapa kwa kufanikiwa mno, ila kwa rangi moja tu. Mpango wa makazi wa mwaka 1919 uliwatengea wanajeshi Wazungu waliotoka Vita vya Kwanza zaidi ya ekari milioni 2 za ardhi, na baada ya Vita vya Pili wenzao wakafunguliwa mpango mwingine wa mashamba. Walikuwa na vyama vyao na viongozi waliosikilizwa na gavana. Askari Waafrika, ambao katika Vita vya Pili walitoka Kenya wakikadiriwa kufika 98,000, wengine wao wakafikishwa hadi misitu ya Burma, walirudi na kiinua mgongo. Mwaka 2019 ilifichuliwa hati ya kale ya Uingereza iliyoonyesha kiinua mgongo hicho kilipimwa kwa rangi: Mwafrika wa cheo cha chini alipewa takriban thuluthi ya alichopewa Mzungu wa cheo hicho hicho kwa kila mwezi wa utumishi.

Kwa Turkana jambo hili lina uchungu wake wa ziada. Serikali ilifika huku kwa mtutu. Vikosi vya King's African Rifles, yaani KAR, viliwapiga Waturkana katika misafara ya miaka ya 1910, ule wa Labur wa 1918 ukiwa miongoni mwa mikubwa, na wanajeshi ndio walioshika utawala hadi katikati ya miaka ya 1920. Kisha Juni 1940 Italia ikaingia vitani, Lodwar na Lokitaung zikawa vituo vya mbele, na mwanzoni mwa 1941 Brigedi ya 25 ya Afrika Mashariki ikavukia upande huu kuingia kusini mwa Ethiopia. Ndani ya kizazi kimoja, baadhi ya vijana wa jamii iliyopigwa na KAR walikuwa wamevaa sare ya KAR. Vita vilipokwisha, wilaya ikafungwa tena kwa vibali. Mwaka 1959 serikali ya kikoloni ilimleta Jomo Kenyatta Lodwar kutoka Lokitaung kwa sababu ile ile inayomwumiza mstaafu hadi leo: ni mbali, na kinachotokea huko hakisikiki.

Baada ya uhuru kazi ya ustawi wa askari wa zamani ilishikwa na chama kilichojulikana kama AFOCA, ambacho leo ni DEFOCA. Mizizi yake iko katika vyama vya enzi ya ukoloni, na kimefanya kazi pamoja na Royal Commonwealth Ex-Services League, jumuiya iliyoundwa Cape Town mwaka 1921. Kwa mkondo huo wazee waliotumikia Taji la Uingereza, na wajane wao, wamekuwa wakipata posho ya chakula. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza takriban pauni milioni 12 kwa miaka 5 ili wastaafu na wajane maskini wa Jumuiya ya Madola wapate walau milo miwili kwa siku. Sitaki kuudharau mlo wa mzee wa miaka 95. Ila tulitazame sharti: uwe ulitumikia kabla ya uhuru. Aliyejiunga akiwa na miaka 18 mwaka 1963 alifikisha miaka 80 mwaka 2025, na aliyepigana Vita vya Pili, akiwa bado hai, anakaribia 100 au ameshapita. Msaada ulioundwa hivyo hupungua kwa kila mazishi. Unapokwisha, hauondoki peke yake. Unaondoka na safari za kukagua wazee, na mafaili, na ile desturi yenyewe ya kuhesabu nani yuko hai na anaishi wapi.

Waliokuja baadaye hawakuwamo katika sharti hilo: waliopigana vita vya Shifta kati ya 1963 na 1967, waliolinda mpaka wa kaskazini, waliokwenda Namibia, Sierra Leone na Yugoslavia ya zamani chini ya Umoja wa Mataifa, waliovuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011. Hao walikuwa wa Kenya, na Kenya ilipaswa kuwajengea chama chenye nguvu sawa. Haikutokea, na sababu zake zinastahili kutajwa bila woga.

Moja iko katika Katiba yenyewe. Kifungu cha 24(5) cha Katiba ya 2010 kinaruhusu sheria kuwawekea mipaka walio jeshini katika haki ya kujumuika, ya kukusanyika na kuwasilisha malalamiko, ya mahusiano ya kazi, na hata haki za kiuchumi na kijamii. Kwa jeshi lililo kazini naielewa sababu. Lakini mtu akifundishwa kwa miaka 15 au 20 kwamba kulalamika kwa pamoja ni kosa, hatoki langoni akawa mwanaharakati. Anatoka akiwa raia asiyejua kudai. Mwalimu hustaafu akiwa amezoea mgomo na mikutano ya chama chake. Askari hustaafu akiwa amezoea kupiga saluti na kungoja amri.

Nyingine ni hofu ya dola. Januari 1964 askari wa kambi ya Lanet waliasi. Agosti 1982 wanahewa walijaribu kupindua serikali, na Jeshi la Anga lote likavunjwa, likaundwa upya na kuitwa 82 Air Force hadi 1994. Wapo waliofungwa au kufukuzwa wakati ule bila kuwa na hatia, na baadhi yao wameshinda kesi za mateso mahakamani miaka mingi baadaye. Tangu hapo mkusanyiko wa watu waliowahi kushika silaha haujawahi kutazamwa kwa jicho jepesi. Mstaafu mwenye busara hujifunza kukaa kimya, na ukimya ukidumu miaka 40 huwa ndio utamaduni wa chama.

Halafu kuna jambo dogo ambalo naamini liliua zaidi kuliko hofu. Zamani penseni ililipwa kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya (DC) au posta. Siku ya malipo wazee walikutana. Aliyekosekana aliulizwa. Mjane aliyekatwa jina alilia mbele ya watu waliomjua marehemu, na mmoja wao aliyejua kusoma aliandika barua pale pale. Leo fedha huingia benki kimya kimya na mtu huzitoa kwa wakala wa mtaani. Ni nafuu kubwa, hakuna atakayetaka kurudi kupanga foleni juani. Lakini siku ile ya foleni ndiyo iliyokuwa mkutano mkuu wa chama bila kuitwa hivyo, na tulipoiondoa hatukuweka kingine mahali pake.

Wenye vyeo hawakuumia sawasawa. Jenerali mstaafu ana namba za simu za wenzake serikalini, na aghalabu anaishi karibu na Nairobi au Nakuru. Mara nyingi yeye ndiye anayealikwa kwenye kamati na semina. Praiveti wa Kakuma hana njia hiyo. Chama kinapodhoofika, huanza kudhoofika pembezoni, na kitovuni kinaweza kuendelea kufanya gwaride la kumbukumbu kila Novemba kwa miaka mingi bila mtu kugundua kwamba matawi yamekauka.

Upande wa afya, ugatuzi wa 2013 uliacha pengo ambalo hakuna aliyelikusudia. Ulinzi ni kazi ya serikali ya kitaifa, hospitali ni za kaunti. Jeshi lina mpango wake wa bima ya matibabu, DEFMIS, lakini hospitali yake kuu iko Barabara ya Mbagathi, Nairobi. Mstaafu anayetazama Eldoret, kwenye kambi ya Moi Barracks, bado ana zaidi ya kilomita 300 mbele yake, akipita Kainuk, kwenye barabara ambayo magari yamevamiwa mara nyingi. Kwa hiyo anakwenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Lodwar kama raia mwingine yeyote, chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF Oktoba 2024. Asiye na ajira rasmi hulipa walau shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Huko hospitalini ataulizwa kuhusu shinikizo la damu na sukari. Ni nadra kuulizwa kama aliwahi kuwa vitani. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya Kenya huko El Adde, Somalia, ilizidiwa nguvu, na serikali haijawahi kutoa hesabu kamili ya waliokufa. Kama waliokufa hawakuhesabiwa hadharani, ni vigumu kutegemea kwamba waliorudi na akili iliyojeruhiwa wamehesabiwa. Kijiji kina majina yake kwa hali hiyo: amekuwa mkali, amekuwa mlevi, ana mapepo. Mke wake ndiye daktari wake, na watoto ndio wanaojifunza kutomwamsha kwa ghafla. Katika utetezi wote wa wastaafu, hapa ndipo ninapoona uzembe mkubwa kuliko wote, kwa sababu mfadhaiko wa vita unatibika, na matibabu mengi hayahitaji mashine. Yanahitaji mtu aliyefunzwa, anayezungumza lugha ya mgonjwa, na anayepatikana kila wiki.

Nyumba nayo ni hesabu ngumu. Askari huishi kambini miaka yake yote ya nguvu, kisha siku moja anatakiwa awe na kwake. Katika sehemu kubwa ya Turkana ardhi ni ya jamii, na usajili wake chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 unakwenda taratibu mno. Mjini Lodwar na pembezoni mwake watu wengi hushika ploti kwa barua ya mgao au kwa neno la wazee. Makao makuu ya kaunti yalipoleta wafanyakazi na mashirika, ploti na vyumba vya kupanga vikapanda bei. Mstaafu mwenye kiinua mgongo mkononi hununua anachokimudu, na anachokimudu mara nyingi kiko bondeni, karibu na mto Turkwel au Kawalase, penye vichaka vya mathenge na penye mafuriko. Hana hati miliki, kwa hiyo benki haimkopeshi. Nyumba za bei nafuu za serikali, zinazogharamiwa kwa makato ya asilimia 1.5 chini ya sheria ya 2024, zimepangwa kwa mtu mwenye kipato kinachoonekana kila mwezi kwa miaka mingi ijayo. Penseni ya praiveti aliyestaafu zamani haifiki huko. Penseni za serikali huongezwa asilimia 3 kila baada ya miaka 2, ilhali mwaka 2022 pekee bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 7.

Na kwa sababu ana penseni, hata ikiwa ya kununulia unga na sukari tu, mpango wa Inua Jamii wa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee waliofikisha miaka 70 haumhusu. Masharti yake yanamwondoa anayepokea penseni. Kifungu kama hiki hubadilishwa na chama kinachokwenda mbele ya kamati ya Bunge na orodha ya majina na viwango vya penseni. Sijui njia nyingine ya kukibadilisha.

Wengine hurudi kwenye bunduki. Turkana Kusini na Mashariki, mtu aliyefunzwa jeshini ni mali wakati wa uvamizi wa mifugo, na kwa miaka mingi askari wa akiba wa polisi walifanya kazi hiyo kwa kujitolea, bila mshahara. Operesheni Maliza Uhalifu ilipoanza Februari 2023 na jeshi la Kenya, KDF, kuletwa Bonde la Ufa kaskazini, ilikuwa ni jeshi kufika tena katika vijiji ambamo wastaafu wake wenyewe walikuwa wameshika zamu tayari.

Kakuma inaongeza sura nyingine. Kambi ya wakimbizi ya huko ilifunguliwa 1992, na miongoni mwa waliopokelewa humo ni watu waliowahi kuwa askari wa majeshi ambayo hayapo tena, wakiwemo wa utawala wa Derg wa Ethiopia ulioanguka 1991. Kwa sheria za ukimbizi mtu hupokelewa akiwa ameachana na silaha, na inafaa iwe hivyo. Lakini maana yake ni kwamba utumishi wao umefutwa kabisa, hakuna nchi wanayoidai. Wameishi kwa mgao wa chakula, na katikati ya 2025 mgao huo ulishuka hadi asilimia 28 ya kiwango cha chini kinachohitajika, baada ya wafadhili, Marekani ikiwa ya kwanza, kukata fedha. Mkenya mstaafu wa Kakuma na mkimbizi aliyewahi kuwa askari hawana sheria moja. Wanachofanana ni kutegemea ukarimu wa mtu wa mbali anayeweza kuuondoa kwa tangazo moja.

Kuna kundi moja la wapiganaji wazee nchini lililoshinda, na wengi wa hao walipigana dhidi ya hiyo hiyo KAR. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa 2003, chama cha maveterani wake kikasajiliwa, na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo ni shirika lisilo la serikali, ikakusanya ushahidi wa waliofungwa na kuteswa, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2009 wazee 5 walifungua kesi London. Ushahidi wao ulipokutana na nyaraka za kikoloni zilizokuwa zimefichwa, Uingereza ikakubali Juni 2013 kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Kiasi kwa kila mtu kilikuwa kidogo, na wengi waliachwa nje. Hata hivyo ni wazee maskini wa vijijini, wengi hawajui kusoma, walioishinda serikali yenye mawakili wasiohesabika. Walikuwa na orodha, na kulikuwa na shirika lililokuwa tayari kukaa nao miaka mingi bila picha za magazetini.

Afrika Kusini inaonyesha upande wa pili. Sheria yao ya wanajeshi wastaafu ni ya 2011, na imetaja faida nyingi, nyumba na matibabu zikiwemo. Miaka 10 baadaye, Oktoba 2021, wastaafu waliochoka kungoja waliwazuia mawaziri wawili na naibu waziri ndani ya hoteli karibu na Pretoria hadi polisi wakaingia. Kenya haijafika huko. Lakini nayo sasa imeahidi kwa maandishi.

Kinachohitajika Lodwar hakihitaji bilioni. Ni dawati moja la wastaafu wa jeshi ndani ya Huduma Centre, lenye ruhusa ya kuona rekodi za Wizara ya Ulinzi, pamoja na tawi la chama lenye karani anayelipwa, pikipiki, na daftari linaloanza na Kanamkemer, lifike Kalokol na Kerio, liende Kakuma na Lokichogio. Ni muuguzi mmoja wa afya ya akili anayejua Kiturkana, aliyekubaliwa na kaunti na jeshi kwa pamoja. Kaunti haiwezi kusema ulinzi si kazi yake, maana mgonjwa yuko wodini kwake. Wizara nayo haiwezi kusema hospitali ni za kaunti, maana ndiyo iliyompeleka mgonjwa vitani. Daftari liwe la kwanza, kabla ya semina yoyote, na liwaandike wajane pamoja na waume zao, maana wao ndio watakaobaki na madai kwa muda mrefu zaidi.

Haraka hii ina hesabu yake. Wazee wa KAR wanamalizika, na pamoja nao unakwisha msaada uliowalenga. Kijana aliyeandikishwa akiwa na miaka 19 mwaka 2011, ule mwaka wa kuvuka mpaka kuingia Somalia, alizaliwa 1992. Wenzake wengi watakuwa wameshatoka jeshini kabla ya kutimiza miaka 45, wakiwa bado na watoto shuleni. Miaka 70 ataifikisha mwaka 2062.